Figo Ikiita, Uloto Huitika

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago nchini Uganda, alikwenda Jinja kuwaona wagonjwa wa huko. Muda mfupi kabla ya hapo mwenzake Hugh Trowell alikuwa amemwita wodini Mulago amwangalie mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwa na jibu. Sasa yuko Jinja, anatupa macho dirishani, na nje kwenye majani amekaa mtoto mwingine na mama yake, uso umevimba vilevile. Mmoja ungeweza kumwita bahati mbaya, lakini wawili walimtia wasiwasi. Akatoka kwenda kumpima, na kutoka siku hiyo akaanza kuiandama saratani ambayo leo dunia nzima inaitwa kwa jina lake.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, na watu wa Jinja wana haki ya kujivunia dirisha lile. Kinachosahaulika ni kilichotokea baadaye, watoto wale walipoanza kutibiwa. Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, kwa hiyo Burkitt alilazimika kujaribu dawa tupu: methotrexate, kisha cyclophosphamide na nyingine. Uvimbe uliyeyuka. Baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi chache, jambo ambalo madaktari wa Ulaya waliona taabu kuliamini. Dawa hizo zinaua seli yoyote inayojigawa kwa haraka, na baada ya saratani ni sehemu chache mwilini zenye kujigawa kwa haraka kama ndani ya mifupa, kwenye uloto, kiwanda cha damu. Seli za damu zikawa zinashuka, mtoto ananyong'onyea, daktari anasitisha dozi. Kisha, bila mtu kufanya lolote, hesabu ya damu inaanza kupanda yenyewe. Kuna kitu ndani ya mfupa kilichonusurika, kikajua kwamba damu imepungua, na kikaijenga upya.

Kilijuaje? Katika miaka iliyofuata swali hilo lilipata sehemu kubwa ya majibu yake mbali, Toronto na Paris na Japani. Lakini lilipata kazi yake hasa mashariki mwa Uganda, katika wodi za watoto za Mbale na Jinja, na si kwa ugonjwa wa Burkitt. Lilipata kazi kwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Ni Trowell yuleyule aliyeandika juu ya selimundu katika jarida la tiba la Afrika Mashariki mwaka 1945. Wakati huo madaktari wengi wa kikoloni waliuona ugonjwa huu kuwa wa Wamarekani weusi, kwa kuwa Chicago ndiko ulikoelezwa mara ya kwanza kwenye vitabu vyao, mwaka 1910. Waganda waliokuwa wakiwazika watoto wao hawakuwa na shaka kwamba upo. Luganda ilikuwa na jina lake tayari, nalubiri. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo ya kupima damu ya watu karibu 5000 wa makabila mbalimbali ya Uganda. Tone la damu hunyimwa oksijeni chini ya kioo, kisha hutazamwa kwa hadubini: seli zenye chembechembe ya urithi wa selimundu hujikunja kama mundu wa kuvunia. Kabila moja lilikuwa na asilimia 1 tu ya watu wenye urithi huo, jingine, Waamba wa Bundibugyo, asilimia 45.

Tofauti hiyo ilimwasha kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison. Yeye mwenyewe alikuwa ameona mwaka huohuo wa 1949 kwamba urithi huu ni mwingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na haba nyanda za juu. Anayesafiri kutoka Jinja, mji wa ziwani, kupanda mpaka vijiji vilivyo juu ya Mbale kwenye Mlima Elgon, anaipita tofauti hiyo barabarani bila kujua: huku mbu wengi, kule baridi na mbu wachache. Mwaka 1953 Allison alipima watoto 290 wa Buganda. Kati ya 43 wenye urithi wa mzazi mmoja, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria. Kati ya 247 wasio nao, 113. Halafu akafanya jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelikataa: aliwaambukiza malaria Wajaluo 30 waliojitolea, nusu wenye urithi na nusu wasio nao. Wasio nao waliugua 14 kati ya 15. Wenye nao, 2. Anayerithi kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali. Anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayelipa deni la ukoo mzima.

Analilipa ndani ya mifupa. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya selimundu inajikunja, inanyooka, inajikunja tena, mpaka inapasuka baada ya wiki mbili tatu. Uloto wa mtoto huyo unatakiwa kuzalisha damu mara kadhaa zaidi ya mwenzake, usiku na mchana, na unaijaribu kazi hiyo kwelikweli. Unatanuka. Ndiyo maana baadhi ya watoto hawa huwa na paji la uso lililotokeza na mashavu ya juu yaliyopanuka. Mfupa wenyewe umesukumwa nje na kiwanda kilichokosa nafasi.

Mwaka 1960, huko Toronto, mwanafizikia James Till na daktari Ernest McCulloch walikuwa wakipiga panya mionzi hadi uloto wao ufe, kisha wanawadunga uloto wa panya wazima. Siku kumi hivi baadaye wakakuta vinundu kwenye wengu. Walipohesabu, vinundu viliongezeka kadiri seli zilizodungwa zilivyokuwa nyingi, na kila kinundu, kama walivyothibitisha miaka michache baadaye, kilikuwa uzao wa seli moja. Seli moja iliyoweza kuzaa seli nyekundu, nyeupe na zile za kugandisha damu, na bado ikajizaa yenyewe. Hizo ndizo seli shina, na hizo ndizo zilizonusurika dawa za Burkitt: nyingi zao hulala zisijigawe, na dawa ya kuua seli zinazojigawa haizioni.

Seli iliyolala inahitaji kuamshwa. Wafaransa wawili, Carnot na Deflandre, walikwisha kubuni mwaka 1906 kwamba mnyama aliyetokwa damu hubeba kwenye damu yake kitu kinachoamuru damu mpya itengenezwe. Ilichukua nusu karne kuthibitisha kwamba agizo hilo hutoka kwenye figo. Figo hupima oksijeni. Oksijeni ikipungua, hutoa homoni iitwayo erithropoietini, nayo husafiri hadi kwenye uloto na kuziokoa seli changa za damu zisife kabla ya kukomaa. Mwaka 1977 Eugene Goldwasser na wenzake waliisafisha homoni hiyo kutoka mkojo wa wagonjwa wa Japani ambao uloto wao ulikuwa umekufa: figo zao zilikuwa zikipiga kelele bila kuitikiwa, na ujumbe wote ukaishia chooni. Lita 2550 za mkojo zilitoa miligramu chache tu.

Mazungumzo haya si ya njia moja. Seli changa nyekundu, zikishapokea agizo la figo, zenyewe hutuma homoni nyingine kwenda kwenye ini, kuliambia lifungue madini ya chuma yaliyofichwa, maana bila chuma hakuna himoglobini. Homoni hiyo iligunduliwa mwaka 2014 tu. Na ndani ya uloto kwenyewe, Marcel Bessis alikwisha kuona mwaka 1958 kwamba seli changa nyekundu hukua zimezunguka seli moja kubwa ya kinga, kama vifaranga kwa mama yao. Seli hiyo kubwa huzilisha, na zinapokomaa humeza viini vinavyotupwa nje. Seli shina nazo zina chumba chao mfupani, wazo la Raymond Schofield wa Manchester, 1978. Seli za jirani hutoa protini inayozishika pale zisitangetange. Ikitoka chumbani mwake seli shina hupoteza ujana wake.

Sasa turudi Mbale, maana huko ndiko mazungumzo haya yanakokatwa kila msimu wa mvua.

Malaria haipasui seli nyekundu tu. Inavuruga uloto pia: mtoto mwenye malaria kali huwa na erithropoietini nyingi kwenye damu, figo imeita ipasavyo, lakini uloto hauitiki. Maambukizi huliamuru ini lifunge chuma, na mabaki ya vijidudu hurundikana mfupani na kuharibu seli changa. Mashariki mwa Uganda kuna balaa la pili pia. Peter Olupot-Olupot na wenzake wa Mbale walionyesha, katika ripoti ya mwaka 2017, kwamba watoto wa eneo hilo wanaolazwa kwa ugonjwa mkali hupata mara nyingi mno mkojo mweusi, rangi ya Coca-Cola, ambao kwingine umekuwa wa nadra. Ni himoglobini iliyomwagika kutoka seli zilizopasuka. Inapita kwenye figo na kuziumiza. Yaani seli zilizoharibika zinakiharibu kiungo kilekile kilichotakiwa kuomba zingine.

Mama anayefika Hospitali ya Rufaa ya Mbale na mtoto mweupe viganja, anapumua kwa shida, hana haja ya somo hili. Anataka damu. Na damu mara nyingi haipo, au ipo kidogo, na daktari lazima achague nani apewe. Kwa hiyo jaribio lililoitwa TRACT, lililoongozwa na Kathryn Maitland na kufanyika Mbale, Soroti, Mulago na Blantyre kati ya mwaka 2014 na 2017, liliuliza swali ambalo kwa mzazi linaonekana la kikatili: je, kila mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu ni lazima aongezewe damu papo hapo? Watoto 1565 wenye himoglobini ya gramu 4 hadi 6 kwa desilita, wasio na dalili za hatari, waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa damu mara moja. Nusu walitibiwa malaria na kuangaliwa kwa karibu, wakapewa damu pale tu hali ilipozorota. Katika kundi hili la pili takriban nusu hawakuhitaji damu kabisa, na vifo havikutofautiana vya kutosha kati ya makundi.

Naliona tokeo hilo kuwa kubwa kuliko lilivyopokelewa. Liliandikwa kama suala la akiba ya damu, na kweli ni hilo. Lakini pia linasema kwamba mamia ya watoto walijaza damu yao wenyewe: malaria ikishaondolewa njiani, uloto ulisikia. Si kwamba damu ya benki haina kazi, la. Chini ya gramu 4, au mtoto anapohema, kungoja ni kumuua. Na kiasi pia ni suala: katika sehemu nyingine ya jaribio hilo, mililita 30 kwa kilo ziliwafaa wasio na homa kuliko mililita 20, lakini wenye homa ziliwadhuru.

Kwa mtoto wa selimundu njia hiyo ya kungoja haitoshi, kwani tatizo lake halikai njiani likaondolewa. Limeandikwa ndani ya seli shina zenyewe. Figo ikiita, uloto unaitika kwa bidii, na unachotuma ni seli zilezile za mundu. Dokezo la kwanza lilitoka Brooklyn mwaka 1948, kwa daktari wa watoto Janet Watson: watoto wachanga wenye selimundu hawaugui miezi ya mwanzo, kwa sababu bado wana himoglobini ya utotoni, ile ya tumboni mwa mama, nayo haijikunji. Kila seli shina inajua kuitengeneza. Imeacha tu. Ingekumbushwa vipi?

Jibu lilikuwa dawa ya saratani. Haidroksiurea ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869 ikasahaulika, ikarudi karne iliyofuata kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Mwaka 1984 Orah Platt, Stuart Orkin na wenzao walionyesha kwamba inapandisha himoglobini ya utotoni kwa wagonjwa wa selimundu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: dawa inazikata seli za uloto zilizo katika hatua za mwisho za kujigawa, uloto unaona pengo, unaharakisha kusukuma mbele seli changa zaidi, na hizo changa bado hazijasahau himoglobini ya zamani. Ni mshtuko uleule alioushuhudia Burkitt, dozi halafu damu kujijenga, ila safari hii umepunguzwa kiasi cha kuwa wa kila siku, na kinachotafutwa ni ule mwitikio wenyewe. Kidonge hicho pia hupunguza seli nyeupe na kunata kwa seli kwenye kuta za mishipa.

Marekani iliidhinisha dawa hii kwa watu wazima mwaka 1998. Afrika ilikaa miaka ishirini ikiambiwa ingoje. Hofu iliyotolewa ilikuwa ya malaria: ukipunguza seli nyeupe za mtoto anayeumwa na mbu kila usiku, si utamuua? Hofu ilikuwa na msingi, ila haikuwa jibu, na wakati inajadiliwa watoto waliendelea kufa. Jaribio la NOHARM la Mulago, watoto 208, lilionyesha mwaka 2017 kwamba dawa haikuongeza malaria. Kisha REACH: Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, watoto 606 wa miaka 1 hadi 10, matokeo yakatangazwa Desemba 2018. Miezi sita ya kwanza dozi ya miligramu 15 hadi 20 kwa kilo, halafu inapandishwa polepole huku damu ikipimwa, mpaka seli nyeupe zianze kushuka. Hapo daktari anasimama. Himoglobini ya utotoni iliongezeka takriban maradufu. Kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji, ukijumlisha watoto wote, vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6. Kuongezewa damu, kutoka 43.3 hadi 14.2. Vifo, kutoka 3.6 hadi 1.1. Na malaria, ile iliyoogopwa, kutoka 46.9 hadi 22.9.

Wakati huo Wizara ya Afya ya Uganda ilikwisha kuwa na ramani ya ugonjwa huo. Watafiti wakiongozwa na Grace Ndeezi walichukua vitone vya damu vikavu vya watoto wachanga vilivyokuwa vimekusanywa kupimia virusi vya UKIMWI, vitone 97,631 kutoka kila wilaya, wakavipima upya kwa selimundu. Hakuna mtoto aliyechomwa sindano ya pili. Walipochapisha mwaka 2016 walisema asilimia 13.3 wana urithi wa mzazi mmoja na asilimia 0.7 wana ugonjwa. Busoga, nyumbani kwa Jinja, ni miongoni mwa maeneo yaliyoelemewa zaidi.

Ndipo utafiti ukahamia hospitali ya watoto ya Nalufenya, Jinja. Kwanza zinki, jaribio la watoto 250 lililoongozwa na watafiti akiwamo Ruth Namazzi: haikupunguza maambukizi. Majibu ya namna hiyo hayapewi vichwa vya habari, lakini huokoa pesa za mzazi. Baadaye haidroksiurea, safari hii swali likiwa chupa za damu zenyewe: watoto wa selimundu wa Jinja walipoanza dawa, kuongezewa damu kulipungua sana. Kwa hospitali ambayo kila chupa hugombewa na mtoto wa malaria na mama aliyejifungua, hiyo ni damu iliyopatikana bila kumchoma mchangiaji.

Mitaani, jina la seli shina linauzwa kwa namna nyingine. Kuna vidonge na unga vinavyonadiwa Afrika Mashariki kwa watu wenye kisukari, kiharusi, hata selimundu, kwa ahadi kwamba seli mpya zitakwenda zenyewe mahali palipoharibika na kupajaza. Seli ukiimeza inameng'enywa tumboni pamoja na ugali. Arnold Caplan wa Cleveland, ambaye mwaka 1991 ndiye aliyezipa jina la seli shina zile seli za mfupa zinazouzwa sana na kliniki za namna hii ughaibuni, miaka ya baadaye aliomba jina lile libadilishwe. Alisema seli hizo, zikidungwa, hazigeuki kuwa kiungo kipya. Hutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kuziita seli za mwenyeji zifanye kazi. Wengine wameziona maabarani zikikabidhi seli iliyojeruhiwa mitokondria, injini ya nguvu, kupitia kijibomba chembamba kati ya seli na seli. Mambo ya kweli na ya kustaajabisha, lakini bado hayajawa dawa ya dukani.

Tiba ya kweli ya kubadilisha seli shina ipo: kupandikiza uloto wa ndugu. Iliponya selimundu kwa mara ya kwanza mwaka 1984, kwa msichana wa Marekani aliyepandikizwa kwa sababu ya saratani ya damu. Tanzania ilianza kuwapandikiza watoto wa selimundu mwaka 2023 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mwishoni mwa mwaka huo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri chembechembe za urithi ndani ya seli shina za mgonjwa mwenyewe. Inakizima kidhibiti kiitwacho BCL11A, ambacho kazi yake ni kuinyamazisha himoglobini ya utotoni. Maabara ya Orkin ndiyo iliyoonyesha kazi hiyo mwaka 2008. Bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Lengo ni lilelile la kidonge cha Mbale.

Tofauti ni kwamba kidonge hakigusi maandishi ya urithi. Uloto hukumbushwa kila siku, na dawa ikikatika kwa wiki kadhaa, kwa sababu stoo ya kituo cha afya imeishiwa au nauli ya kwenda kliniki imekosekana, himoglobini ya utotoni huanza kushuka na seli za mundu hurudi zikiwa nyingi kama mwanzo.